Kipakatalishi cha Linux Kisicholala: Tathmini ya Huduma ya Fundi Mmoja Mjini Kisumu

Kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa nikisafiri kila Jumatatu alfajiri kutoka nyumbani Kakamega hadi Kisumu ninakofundisha, mkoba ukiwa mapajani, na kila mara matatu ilipopita Chavakali nilihisi joto likipenya kitambaa cha mkoba hadi magotini. Ndani yake mlikuwa na kipakatalishi nilichokuwa nimekifunga mimi mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani, nikasubiri hadi taa yake ndogo ikaanza kufifia na kurudi polepole, ishara kwamba kimelala. Tulipokuwa tukiteremka Mamboleo, feni ilikuwa ikivuma kiasi cha abiria wa kando kugeuka na kutazama. Betri niliyoiacha na asilimia 92 ilikuwa na asilimia 58 nilipofungua kifuniko katika chumba cha walimu, na kazi ya siku nzima ilikuwa bado haijaanza.

Tathmini hii ni ya huduma niliyoipata hatimaye kwa fundi mmoja karibu na barabara ya Oginga Odinga. Naieleza kwa kirefu kwa sababu walimu wenzangu wengi, na wanafunzi wa vyuo vilivyo hapa magharibi, hununua vipakatalishi vilivyotumika ng'ambo, wakasakinisha Linux, mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows, wakafurahi kwa wiki mbili, kisha tatizo hili la kulala na kuamka likawarudisha walikotoka. Wengi huambiwa kwamba halina dawa. Linayo, ila ni lazima kwanza lipimwe, na kupima ndiko nilikolipia.

Kipakatalishi chenyewe ni cha mwaka 2018, chenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Nilikisakinishia Linux Mint 22, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, baada ya kuchoshwa na virusi vya flashi zinazozunguka kati ya saiba na chumba cha walimu, vikificha mitihani na kuacha vijia vya mkato visivyofunguka. Katika mambo mengine yote sikuwa na lalamiko. Printa ya shule ilitambuliwa bila draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya ziada, projekta ilifanya kazi mara ya kwanza, na mashine ilikuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa hapo awali. Ni usingizi tu uliokataa.

Kabla ya kumfikia fundi huyu nilikuwa nimepita kwa watu wawili. Wa kwanza ni duka lililoniuzia mashine, ambako kijana wa kaunta aliniambia, "Mwalimu, hiyo ni shida ya Linux. Turudishe Windows na itaisha." Hakukifungua kifuniko. Wa pili alikuwa fundi wa mtaani aliyesema betri imechoka, akaniuzia nyingine kwa shilingi 4,500, na Jumatatu iliyofuata magoti yangu yakaungua vilevile. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba amri moja, upower -d, huonyesha ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wake wa sasa, na kwamba betri yangu ya kwanza ilikuwa bado na asilimia 84 ya uwezo wake. Nimeweka jambo hili mapema kwa sababu ya uchungu wa fedha hizo. Mtu yeyote anayeambiwa anunue betri kwa kuwa mashine inaishiwa chaji ikiwa imefungwa, aangalie kwanza namba hiyo.

Fundi ninayemsifu ameniomba nisitaje jina lake, kwa kuwa tayari ana kazi nyingi kuliko mikono yake. Anafanyia kazi ghorofani, katika chumba anachogawana na mshonaji wa sare za shule, na meza yake ni nusu ya meza ya mshonaji huyo. Nilipoanza kumweleza niliyokwisha kujaribu, alinyoosha mkono kwa upole akasema, "Mwalimu, naomba ufanye vile hufanya ukitoka nyumbani. Usinisaidie." Nikakifunga kipakatalishi, nikakitia mkobani, nikakiwekea kipanya kisichotumia waya upande wa pili pamoja na chaja na daftari la alama, nikavuta zipu. Akauchukua mkoba, akazunguka nao chumbani akiutikisa kama unavyotikisika njiani, akaurudisha mezani na kuweka kiganja juu yake. Baada ya muda mfupi feni ilisikika.

Hapo ndipo alipofungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuniomba nenosiri. Alisoma shajara ya mfumo kwa amri ya journalctl -k, akachuja mistari yenye maneno PM: suspend. Kila mara mashine inapolala huandikwa mstari wa suspend entry, na inapoamka huandikwa suspend exit, kila mmoja na saa yake. Nilikuwa nimetarajia kuona jozi moja ya safari ya asubuhi ile: kulala nyumbani, kuamka shuleni. Tulihesabu pamoja, kidole chake kikishuka kwenye skrini, na kati ya 05:48 na 07:05 tukapata jozi 61. Mashine ilikuwa imelala na kuamka mara 61 njiani. Kila ilipoamka, mfumo uligundua baada ya muda kwamba kifuniko kimefungwa ukailaza tena, na kabla haijapoa ikaamshwa upya.

Aliyeiamsha alipatikana kwa jaribio dogo ambalo sitalisahau. Alikitoa kipanya mkobani, akakifunga kipakatalishi mezani, akasubiri taa ianze kufifia na kurudi, kisha akakisogeza kipanya upana wa kidole kimoja. Taa ikasimama. Kipokezi kidogo cha kipanya, kile kinachochomekwa kwenye tundu la USB na ambacho sikuwa nimewahi kukichomoa tangu nikinunue, hujitambulisha kwa mfumo kama kibodi pia, na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, huruhusu kibodi za USB kuiamsha mashine bila kuulizwa. Kwa hiyo kila tuta na kila shimo kati ya Kakamega na Kondele lilikuwa likikisogeza kipanya, na kipanya kikibisha hodi.

Watu wengi wakifika hapa hufungua faili ya /proc/acpi/wakeup, wakaona neno XHC, jina la kidhibiti cha USB, likiwa limeruhusiwa, wakalizima. Hilo hufanya kazi, lakini huzima haki ya kuamsha kwa kila kitu kilichochomekwa kwenye kidhibiti hicho cha USB, na zaidi ya hayo mabadiliko yenyewe hufutika mashine inapowashwa upya, mtu akadhani dawa imeisha nguvu. Fundi wangu alichagua njia nyembamba zaidi. Kila kifaa cha USB kina faili yake iitwayo wakeup chini ya /sys/bus/usb/devices, katika folda ya power, na ndani yake mna neno enabled au disabled. Alitafuta kipokezi kwa namba zake za utambulisho alizozipata kwa amri ya lsusb, akaandika kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa) yenye mstari mmoja inayoweka neno disabled kila mara kipokezi hicho kinapochomekwa, na kibodi nyingine yoyote ikabaki na haki yake. Kazi hiyo ilimchukua chini ya dakika kumi, na joto la matatu likaisha siku hiyo.

Nilikuwa tayari kulipa na kuondoka. Ni yeye aliyeniuliza swali ambalo wale wawili wa kwanza hawakuliuliza: kipakatalishi kikikaa mezani usiku kucha bila kuguswa, asubuhi kina chaji kiasi gani? Nilikuwa na jibu kwa sababu nilikuwa nimelilalamikia hata nyumbani. Nikilala saa tatu usiku kikiwa na asilimia 80, saa kumi na mbili asubuhi nakikuta na 47. Kipanya kilikuwa kimetulia muda wote huo. Akasema basi kuna tatizo la pili chini ya lile la kwanza, akaomba nimwachie mashine kwa saa mbili.

Ili aliyoyafanya yaeleweke inafaa kueleza kwamba kipakatalishi cha kisasa kinaweza kulala kwa namna mbili, na jina moja la kulala hutumika kwa zote mbili. Namna ya zamani iliwekwa katika kanuni za ACPI za kusimamia umeme wa kompyuta, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, na huitwa S3. Katika usingizi huo prosesa huzimwa kabisa, vifaa karibu vyote hunyimwa umeme, na RAM peke yake hulishwa kiasi kidogo ili isisahau kilichokuwa kimefunguliwa. Huko ni kulala fofofo. Namna ya pili ilienea tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji walipotaka kompyuta iweze kupokea ujumbe ikiwa imefungwa, kama simu inavyofanya. Katika hiyo mashine haizimwi. Programu husimamishwa, vifaa huombwa vitulie, na prosesa hukaa katika utulivu wa chini kabisa inaoweza kuufikia, ikitega sikio. Linux nayo iliipokea namna hii katika kerneli 3.9 ya mwaka 2013, na leo huitwa s2idle. Kwa Kiswahili chetu huo ni usingizi wa mang'amung'amu.

Usingizi wa mang'amung'amu si mbaya kwa asili yake. Kwenye mashine iliyoandaliwa vizuri hutumia umeme kidogo, na kuamka kwake ni kwa papo hapo. Tatizo ni kwamba unategemea utiifu wa kila kifaa. Kwa sisi tuliowahi kushika zamu katika shule za bweni, mfano uko karibu: taa zimezimwa, wanafunzi wote wako vitandani, lakini iwapo mmoja ananong'ona, mwalimu wa zamu hawezi kwenda kulala, na bweni zima linahesabiwa kuwa macho. Vivyo hivyo diski moja, kadi moja ya mtandao au draiva moja ikikataa kutulia, chipu nzima hubaki katika ngazi ya juu ya matumizi ya umeme, ingawa skrini ni nyeusi na taa inafifia na kurudi kama kwamba mambo ni shwari.

Uthibitisho wake ulikuwa wa namba, na hili ndilo lililonifanya nimwamini. Kwanza alinionyesha faili ya /sys/power/mem_sleep, ambayo imekuwamo katika Linux tangu kerneli 4.10 ya mwaka 2017 na huorodhesha aina za usingizi zinazopatikana, ile inayotumika ikiwa imezungushiwa mabano ya mraba. Kwenye mashine yangu mlikuwa na neno moja tu, s2idle. Kisha akailaza kwa amri ya rtcwake, ambayo huiamsha mashine yenyewe baada ya muda uliotajwa, akaiweka saa nzima. Ilipoamka alisoma kaunta ya slp_s0_residency_usec iliyo chini ya /sys/kernel/debug/pmc_core, ambayo huhesabu muda ambao chipu imekaa katika utulivu wake wa chini kabisa. Baada ya saa nzima ya kile kilichoitwa usingizi, kaunta ilionyesha sifuri. Haikuwa imelala hata sekunde moja.

Angeweza kuanza kumtafuta mnong'onaji, na alinieleza kwamba kwenye mashine mpya mara nyingi hakuna njia nyingine, kwa sababu nyingi za zile zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea hazina tena S3 katika programu dhibiti yake, ile ambayo mtengenezaji huiweka ndani ya ubao mama. Yangu ni ya kipindi cha mpito. Aliingia katika BIOS, ukurasa wa mipangilio ya programu dhibiti hiyo, akafungua sehemu ya umeme, na hapo palikuwa na chaguo la hali ya usingizi lenye majibu mawili, Windows na Linux, likiwa limewekwa kwenye la kwanza. Akalibadilisha. Mashine ilipowaka, faili ile ya mem_sleep ilikuwa na maneno mawili, na mabano yalikuwa yamelizunguka la pili: deep. Wenye mashine ambazo maneno yote mawili yapo lakini mabano yamekaa kwenye s2idle wanaweza kuongeza mem_sleep_default=deep katika mstari wa amri za kerneli ndani ya /etc/default/grub kisha watekeleze sudo update-grub. Wenye mashine ambazo neno deep halipo kabisa wasihangaike na mstari huo, kwa maana hauwezi kuumba kisichokuwepo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Usiku ule kiliondoka na asilimia 80 kikaamka na 75.

Siku ya nne nilifungua kifuniko darasani, mbele ya Kidato cha Tatu, na skrini haikuwaka. Taa ya kuwashia ilikuwa imetulia, feni ikazunguka kidogo ikanyamaza, taa ya kibodi haikuitika. Nililazimika kushikilia kitufe kwa sekunde kumi hadi kikazimika, na maswali sita ya ufahamu niliyokuwa sijayahifadhi yakapotea. Hili nalisema wazi katika tathmini hii kwa sababu dawa ya tatizo la pili ndiyo iliyoleta la tatu, na mtu anayefuata maelezo yangu anapaswa kulijua kabla ya kukutwa nalo: hifadhi kazi yako kila unapofunga kifuniko hadi usingizi mpya uwe umejaribiwa vya kutosha.

Niliporudi kwake hakujitetea. Alitazama shajara ya mara iliyotangulia kwa journalctl -b -1, akanionyesha kwamba mstari wa mwisho ulikuwa wa kuingia usingizini na baada yake hapakuwa na kitu. Mashine ilikuwa imekufa kati ya kulala na kuamka, mahali ambapo kerneli haiwezi kuandika. Kwa hali hiyo kuna njia iliyoelezwa katika nyaraka zinazosambazwa na kerneli yenyewe, nayo ni faili ya /sys/power/pm_test. Ukiandika humo jina la ngazi fulani kisha ukailaza mashine, kerneli hutekeleza hatua za kulala hadi ngazi hiyo tu, husubiri sekunde tano, kisha hurudi. Ngazi ni tano: freezer husimamisha programu, devices hulaza vifaa pia, platform huongeza maandalizi ya mfumo wa ACPI, processors huzima prosesa zote isipokuwa moja, na core hufika hadi ukingoni. Ikiwa mashine inaganda kwenye devices, mkosaji ni draiva fulani, na mara nyingi huwa ya kadi ya picha. Tulizipita ngazi zote tano mara kumi kila moja, huku mshonaji akituuliza mara kwa mara kama bado tu, na kila mara skrini ilirudi.

Maana yake ni kwamba hatua zote zilizo mikononi mwa Linux zilikuwa salama, na kosa lilikuwa ng'ambo ya ukingo, pale kerneli inapoikabidhi mashine kwa programu dhibiti ya mtengenezaji. Alikitia kipakatalishi katika mzunguko wa kulala na kuamka kwa rtcwake, sekunde 30 kila mara, na mara ya saba kikaganda kama kilivyoganda darasani. Amri ya fwupdmgr get-updates ilionyesha kwamba toleo jipya la programu dhibiti linapatikana, na ile niliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

Ilikuwa saa tisa alasiri, na mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya ziwa kama yanavyofanya hapa Kisumu katika majira ya mvua. Alikataa kuanza. Alisema stima ikikatika katikati ya kuandika programu dhibiti, ubao mama unaweza usiwake tena, na kwamba betri iliyo nusu haimtoshi kuwa dhamana. "Uje kesho asubuhi, Mwalimu, ikiwa imejaa." Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni na nilikasirika. Leo namshukuru, na katika huduma yote hii hilo ndilo jambo ninalolithamini kuliko mengine, kwa maana angeweza kuchukua fedha zangu siku ile na kuniachia hatari.

Kesho yake kazi ilikwenda salama. Lakini hapa nina lawama. Katika kikao hichohicho alisasisha pia kerneli kutoka 6.8 hadi toleo jipya zaidi, na usiku ule mashine ililala na kuamka mara 50 mfululizo bila kuganda hata mara moja. Ni kipi kilichotibu, programu dhibiti au kerneli? Mtu aliyekuwa amepima kila hatua kwa uangalifu namna ile alipaswa kubadilisha kimoja, akajaribu, ndipo akabadilisha cha pili. Nilipomwambia alikubali. Kwangu mimi mwenye mashine moja si hasara, ila mwenzangu mwenye mashine ya aina hiyohiyo aliponiuliza aanzie wapi nilishindwa kumpa jibu la uhakika, nikamshauri aanze na programu dhibiti kwa kuwa majaribio ya pm_test yalielekeza huko.

Lawama ya pili ni ya Wi-Fi. Katika zile mara 50, mara mbili mashine iliamka bila mtandao, kadi ikiwa haionekani. Alichofanya ni kuweka hati fupi ya amri katika folda ya /usr/lib/systemd/system-sleep, ambayo systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, huiendesha kabla na baada ya kulala, ili moduli ya kadi, yaani draiva yake, iondolewe kwanza kisha irudishwe mashine ikiamka. Inafanya kazi, na sijapoteza mtandao tangu siku hiyo, lakini ni kiraka. Mtandao huchukua sekunde sita au saba kurudi, na chanzo hakikutafutwa. Yeye mwenyewe alikiita kiraka, na hakunitoza kwa ajili yake.

Nilikuwa pia nimemwomba usingizi wa diskini, ule ambao yaliyomo kwenye RAM huandikwa katika diski na mashine ikazimwa kabisa, kwa sababu shuleni kwetu stima inaweza kukosekana siku mbili. Alinieleza sababu mbili za kutoufanya. Ya kwanza ni nafasi: swapu yangu, sehemu ya diski inayoisaidia RAM, ilikuwa ya GB 2, na RAM ni GB 8, hivyo ingebidi kuipanua na kuielekeza kerneli mahali ilipo. Ya pili ni Secure Boot (ulinzi unaoruhusu mashine iwake kwa programu zilizoidhinishwa tu), ambayo ikiwa imewashwa kerneli ya Ubuntu hukataa kulala diskini ili mtu asiweze kuchezea picha ya kumbukumbu iliyohifadhiwa. Kuizima ni uamuzi wangu, alisema, na kwa kuwa mashine ina alama na taarifa za wanafunzi hakunishauri. Nilikubaliana naye.

Kwa kazi yote hiyo, ziara tatu na usiku mmoja wa majaribio, nililipa shilingi 1,500 kwa M-Pesa. Ni theluthi moja ya bei ya betri ambayo sikuihitaji. Risiti hutolewa ukiomba. Maelezo ya mabadiliko hayatolewi hadi uyaombe, na hili anapaswa kulirekebisha, kwa kuwa kanuni ya udev na hati ya Wi-Fi ni vitu ambavyo mwenye mashine akisakinisha mfumo upya atavipoteza bila kujua alikuwa navyo. Mimi niliomba, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari kila faili aliyoigusa na mstari aliouongeza, kwa mwandiko safi, na karatasi hiyo nimeibandika ndani ya jalada la daftari langu la alama.

Anayekusudia kwenda, chumba chake hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na Jumapili hakifunguliwi. Aende na chaja, kipanya na chochote anachokiacha kimechomekwa, vyote vikiwa vimepangwa mkobani kama kawaida yake. Wala asikizime kipakatalishi asubuhi ya siku hiyo kwa kudhani anamsaidia fundi, kwa sababu hesabu za usingizi uliofaulu na ulioshindwa, zinazokaa katika /sys/power/suspend_stats, hufutika mashine inapozimwa, na hizo ndizo atakazoziomba kwanza.